UZI: Maji hufuata chumvi. Jinsi utumbo unavyomwokoa anayeharisha, na kwa nini kipimo cha ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) hakichezewi

#1 MwalimuMwili

Wakuu, salaam. Mvua zikianza, swali ni lilelile: mtoto anaharisha, nimpe nini? Na majibu huja ya kila namna: soda iliyotolewa gesi, madafu, chai ya rangi, glukosi ya kopo, vidonge vya kufunga tumbo. Naomba kwanza tuelewe mwili unafanya kazi gani hapo. Ukishaelewa, utaweza mwenyewe kupima ushauri upi una maana na upi unaua.

Mtu mzima wa kilo 70 ana maji yapata lita 42 mwilini. Lita 28 zimo ndani ya seli. Lita 14 ziko nje ya seli, na katika hizo 14, kama lita 3 tu ndizo maji ya damu, yaani ile sehemu ya damu isiyo na chembe. Anayeharisha vibaya hapotezi maji matupu, hupoteza maji yenye chumvi, na chumvi ya sodiamu makao yake ni nje ya seli. Kwa hiyo hasara yote inaangukia kwenye zile lita 14. Mtu akipoteza lita 6 au 7 kwa siku moja, bado ana lita 35 za maji mwilini, lakini moyo hauna cha kusukuma. Mtoto mchanga hali yake ni ngumu zaidi: karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, na akiba yake yote ni ndogo.

Sasa tazama utumbo kwa siku moja ya kawaida. Kinywaji na chakula huleta maji lita 2. Juu ya hizo mwili wenyewe humwaga mate lita 1.5, maji ya tumbo lita 2, nyongo nusu lita, maji ya kongosho lita 1.5, na kuta za utumbo mwembamba lita 1.5 nyingine. Hayo ni makadirio, lakini jumla yake ni kama lita 9. Utumbo mwembamba hurudisha 7.5, utumbo mpana hurudisha 1.4, na kinachotoka na choo ni mililita 100 hivi. Wengi hudhani kuharisha ni yale maji uliyokunywa kupita moja kwa moja. Sivyo. Ni maji ya mwili wako mwenyewe, yaliyoazimwa na utumbo ili chakula kisagike, yakashindwa kurudi.

Yanarudije siku za kawaida? Hapa ndipo penye kiini cha uzi wote. Mwili hauna pampu ya maji. Hakuna seli inayoshika maji ikayavuta. Kuna pampu ya chumvi, na maji hufuata chumvi.

Seli inayofunika ukuta wa utumbo mwembamba ina pande mbili: upande wa chakula na upande wa damu. Upande wa damu kuna pampu inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2, mchana na usiku, kwa nguvu itokanayo na chakula. Kazi hiyo huacha sodiamu chache sana ndani ya seli, hivyo sodiamu iliyoko kwenye utumbo "ina njaa" ya kuingia. Upande wa chakula kuna mlango uitwao SGLT1. Mlango huu una sharti: haufunguki kwa sodiamu peke yake, wala kwa glukosi peke yake. Hupitisha sodiamu 2 na glukosi 1 kwa pamoja. Zikishaingia, glukosi hutokea mlango mwingine kwenda kwenye damu, sodiamu hutupwa na ile pampu kwenye nafasi finyu zilizo kati ya seli na seli. Chumvi ikirundikana pale, maji hayana budi kuifuata.

Kwa hiyo sukari iliyo kwenye ORS si ya kumpa mgonjwa nguvu, ingawa anapata kidogo. Ni ya kumshika sodiamu mkono apite mlangoni.

#2 MamaWawili

Asante mwalimu, leo nimeelewa. Lakini kitu kimoja kinanitatiza. Kama ugonjwa umeshambulia utumbo, si huo mlango nao utakuwa umeharibika? Tunamnywesha ili iweje?

#3 MwalimuMwili

Dada, swali lako ndilo lililowachelewesha madaktari kwa miaka mingi. Waliamini utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu umechubuka na hauwezi kufyonza chochote, kwa hiyo wakamfungia mdomo na kumtegemeza dripu tu.

Ukweli ni kwamba bakteria wa kipindupindu hawapasui utumbo. Hujibanza juu ya ukuta na kumwaga sumu. Sumu ikiingia ndani ya seli hukwamisha swichi moja ibaki imewashwa. Swichi hiyo hufungua lango la kloridi (mwenza wa sodiamu kwenye chumvi) upande wa chakula. Kloridi humiminika kwenye utumbo, sodiamu huifuata nyuma, maji hufuata. Sumu hiyo pia huziba ile njia nyingine ambayo chumvi huingia bila sukari. Mgonjwa mzito anaweza kutoa hata lita moja kwa saa, maji meupe kama yaliyooshea mchele.

Lakini SGLT1 haiguswi. Inabaki wazi, inafanya kazi kama kawaida. Yaani bomba la kutoa limefunguka, la kuingiza nalo ni zima, mradi uje na sodiamu na glukosi pamoja.

Kwa virusi vya rota, vinavyowapata zaidi watoto wadogo, mambo ni tofauti kidogo. Virusi huua seli za ncha za vijidole vidogo sana vilivyojaa kwenye ukuta wa utumbo, na baadhi ya milango hupotea nazo. Si yote lakini. Sehemu nyingi za utumbo hubaki zima, na watoto walio wengi hupona kwa ORS.

Na jambo la kutia moyo: seli za utumbo huishi siku 3 hadi 5 tu, kisha hudondoka na mpya huchukua nafasi. Seli iliyokwama na sumu itaondoka yenyewe. Kazi yetu ni kumweka mgonjwa hai hadi siku hiyo.

#4 Mto_Kagera

Naongeza historia kidogo, maana inafundisha kipimo.

Mwaka 1960, kwenye mkutano wa wanasayansi jijini Prague, Robert Crane alieleza kwa mara ya kwanza kwamba sodiamu na glukosi hupita pamoja. Alikuwa anazungumzia sukari, si kuhara. Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, wakaonyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa mdomo na dripu ikapungua sana.

Mtihani mkubwa ulikuja 1971, vita vya ukombozi vya Bangladesh. Wakimbizi walijaa Bongaon, mpakani upande wa India, kipindupindu kikawaingia, dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi na glukosi vipimwe, vitiwe kwenye mifuko, vichanganywe ndani ya madumu, na ndugu wa wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Kila lita ilikuwa na glukosi gramu 22, chumvi ya mezani gramu 3.5 na magadi ya kuokea gramu 2.5. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Ndugu wa wagonjwa, kwa vikombe.

Upande wetu wa maziwa makuu, kumbukumbu ya uchungu ni Goma, Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda wapatao laki kadhaa waliingia kwa siku chache, maji wakachota ziwani Kivu, na mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Tofauti na Bongaon si ugonjwa. Ni kasi ya kuwafikia wagonjwa kwa maji yaliyochanganywa sawasawa, na kiasi walichopewa. Kipindupindu kikitibiwa vizuri, vifo hutakiwa visifike hata asilimia moja.

#5 DukaLaDawa

Niingie kwenye pakiti yenyewe. Mchanganyiko unaotumika leo ulipitishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002. Kwa lita moja ya maji:

Chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, sitreti ya sodiamu gramu 2.9.

Ukihesabu kwa milimoli, yaani kwa idadi ya chembe badala ya uzito, utapata sodiamu 75 na glukosi 75. Zinalingana makusudi. Potasiamu 20 ni kwa sababu choo cha kuharisha hubeba potasiamu nyingi, na ikipungua misuli hulegea, tumbo hujaa gesi, moyo hupiga ovyo. Sitreti ni ya kupunguza asidi kwenye damu, kwa kuwa anayeharisha hupoteza pia ile chumvi inayotuliza asidi. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa mzito zaidi, na sodiamu 90 na glukosi 111. Ulipopunguzwa, kutapika kwa watoto kulipungua na waliohitaji dripu wakawa wachache zaidi.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara dukani ni haya.

Kwanza, pakiti si za kipimo kimoja. Kuna za lita moja, kuna za nusu lita, na kuna ndogo za mililita 200. SOMA. Pakiti ya lita moja ukiitia kwenye nusu lita, sodiamu inakuwa 150, kupita ile iliyomo kwenye damu. Mtoto atazidi kiu, atakuwa mkali, anaweza kupata degedege. Na pakiti ya nusu lita ukiitia kwenye lita nzima, sodiamu na glukosi ni nusu, mlango hauna cha kupitisha, mtoto ananywa na bado anakauka.

Pili, kugawa pakiti: "leo nusu, kesho nusu". Unga ule haujachanganyika sawa ndani ya mfuko, chumvi inaweza kukaa upande mmoja. Changanya pakiti yote mara moja.

Tatu, watu huchanganya kisha wanachemsha. Chemsha maji KWANZA, yapoe, ndipo utie unga. Ukichemsha baadaye maji yanapungua na chumvi inabaki, kipimo kimeharibika.

Nne, kuongeza sukari, juisi au soda ili mtoto apende. Usiongeze kitu. Yakishachanganywa yafunikwe, na yakifikisha saa 24 mwaga yote, changanya mengine.

#6 Kijana_wa_Tunduru

Mkuu, na huku ambako duka liko mbali na zahanati imeishiwa? Tufanyeje usiku huo?

#7 DukaLaDawa

Maji safi lita moja kamili, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi NUSU kijiko cha chai kilichosawazishwa. Kusawazisha ni kupitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko ili kisiwe na kilima. Kijiko kiwe cha mililita 5, kile kinachokuja na dawa za maji za watoto, maana vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Kipimo hiki kina mantiki. Vijiko 6 vya sukari ni gramu 25 hivi. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, utumbo huzitenganisha, unapata glukosi milimoli 73 kwa lita. Nusu kijiko cha chumvi ni gramu 3 hivi, sodiamu 51. Si sawa na pakiti, lakini inatosha kufungua mlango. Kinachokosekana ni potasiamu, kwa hiyo mpe na ndizi mbivu iliyopondwa, au madafu kando.

Ukikosea, kosa baya ni la chumvi. Onja kabla ya kumpa: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya. Usijaribu kurekebisha kwa kuongeza sukari.

Zamani Bangladesh shirika la BRAC lilipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya familia milioni 12, likifundisha akina mama kupima chumvi kwa ncha za vidole vitatu na sukari guru kwa kiganja. Liliokoa wengi. Lakini vidole havilingani, na pakiti ikipatikana siku zote ishinde. Maji ya nyumbani ni ya kuvukia usiku, asubuhi tafuta pakiti.

#8 MamaWawili

Na uji je? Bibi zetu walitoa uji mwepesi wenye chumvi.

#9 MwalimuMwili

Bibi zetu hawakukosea. Wanga wa mchele au mahindi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Utumbo huukata taratibu, na glukosi hufika mlangoni kidogo kidogo bila kuvuta maji kuingia utumboni. Kuna hata ORS za unga wa mchele, na kwa kipindupindu hupunguza wingi wa choo. Sharti ni uwe mwepesi wa kunyweka, na chumvi ileile nusu kijiko kwa lita. Uji mtupu bila chumvi ni glukosi bila mwenzake. Usiwekwe sukari nyingi pia.

#10 Kijana_wa_Tunduru

Hapo kwenye sukari ndipo nilikuwa nakuja. Kwa nini soda haifai? Sukari imo, maji yamo.

#11 MwalimuMwili

Kaka, soda nyingi zina sukari yapata gramu 100 kwa lita. Linganisha na 13.5 za pakiti: ni zaidi ya mara saba. Na sodiamu karibu haimo. Mlango hauwezi kupitisha glukosi bila sodiamu, kwa hiyo sukari inabaki utumboni, na maji yanafanya kile ambacho maji hufanya siku zote: yanatoka kulikopungua vitu yanaenda kulikozidi. Yanatoka kwenye damu yanaingia kwenye utumbo. Umemnywesha kikombe na choo kikazidi kuliko kikombe.

Glukosi ya kopo inayouzwa kama kinywaji cha nguvu ni tatizo lilelile. Kuikoroga tupu na kumpa anayeharisha ni kumwongezea kuhara.

Madafu yako katikati. Yana potasiamu nyingi, sukari ya kadiri, lakini sodiamu kidogo. Yanafaa kama nyongeza ya ORS, hayafai kuchukua nafasi yake, hasa kwa kipindupindu ambapo choo cha mtu mzima hubeba sodiamu inayokaribia ile ya damu.

Na maji matupu? Kwa kuhara kidogo, pamoja na chakula chenye chumvi, hayana neno. Kwa kuhara kukubwa, maji matupu pekee huzimua damu. Sodiamu ya damu hutakiwa milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Ikishuka sana maji huhamia ndani ya seli, seli za ubongo huvimba, na ubongo umo ndani ya fuvu lisilotanuka. Mtoto anapata degedege, watu wanadhani ni malaria imepanda kichwani.

#12 NesiZamuUsiku

Naomba tuweke dalili na vipimo vya kunywesha, kwa kuwa hapo ndipo watoto wanapotupotea.

Mtoto aliyepoteza maji chini ya asilimia 5 ya uzito wake haonyeshi kitu zaidi ya kiu. Kati ya 5 na 10 utaona: macho yameingia ndani, hatulii, analia ovyo, anagombania kikombe, na ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole. Zaidi ya 10: amelegea au hazinduki vizuri, hawezi kunywa au anakunywa kwa shida, ngozi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi.

Kuvuta ngozi kuna namna yake. Mlaze chali, mikono ubavuni. Pima katikati ya kitovu na ubavu. Vuta kwa kidole gumba na cha shahada, mkunjo ufuate urefu wa mwili, si upana. Shika sekunde moja, achia, tazama. Usifinye kwa kucha. Mtoto mnene ngozi yake hurudi haraka hata akiwa amekauka, na mwenye utapiamlo hurudi polepole hata kama maji anayo, kwa hiyo usitegemee ishara moja. Kwa watoto ambao utosi haujafunga, utosi uliobonyea pia unasema kitu.

Asiye na dalili: kila baada ya choo cha maji, chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100, miaka 2 hadi 10 mpe 100 hadi 200, mkubwa zaidi anywe kadiri anavyotaka. Na chakula kiendelee.

Mwenye dalili za kati: mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa 4, kisha mpime upya. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 750. Inaonekana nyingi, lakini igawe: ni kijiko cha chai kila dakika moja na nusu. Mama akae, ashike kikombe na kijiko. Chupa ya kunyonya usitumie, ni ngumu kusafisha na mtoto hugugumia akatapika.

Akitapika, subiri dakika 10, anza tena polepole zaidi, kijiko kila dakika 2 au 3. Akina mama wengi huacha kabisa akitapika mara ya kwanza, wakiamini "tumbo limekataa". Halijakataa. Alichotapika mara nyingi ni kidogo kuliko alichobaki nacho.

Anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi kuliko kawaida. Kumnyima mtoto maziwa ya mama ili "tumbo lipumzike" ni kosa kubwa. Utumbo hujijenga upya kwa chakula kinachopita ndani yake.

Usingoje nyumbani ukiona: damu kwenye choo, anatapika kila kitu, hawezi kunywa, amelegea, homa kali, au choo cha maji mengi mfululizo. Na mtoto mwenye utapiamlo mkali, mwenye kwashakoo au aliyekonda mpaka mifupa, asipewe ORS ya kawaida kwa vipimo hivi nyumbani. Mwili wake una sodiamu iliyozidi ndani ya seli na moyo dhaifu. Hospitali wana mchanganyiko wake maalum na humpa taratibu zaidi.

#13 Mkunga_Pwani

Dada NesiZamu, hapo kwenye dripu fafanua. Wengi wanaamini dripu ndiyo matibabu na ORS ni ya kupotezea muda.

#14 NesiZamuUsiku

Kwa asiyeweza kunywa au aliyezimia, dripu ndiyo uhai wake na haina mbadala. Hutumika Ringer's lactate, aina ya dripu ya maji yenye chumvi, mililita 100 kwa kilo. Mwenye zaidi ya mwaka mmoja: 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, 70 zinazobaki ndani ya saa mbili na nusu. Chini ya mwaka mmoja: 30 kwa saa moja, 70 kwa saa 5. Mtu mzima wa kilo 60 ni lita 6 kwa saa 3, na 1.8 kati yake ndani ya dakika 30 za mwanzo. Ikikosekana Ringer's, ile ya chumvi ya kawaida. Dripu ya sukari tupu ya asilimia 5 haifai hapa: sukari inatumika mwilini na kinachobaki ni maji matupu.

Ila mgonjwa akizinduka tu na kuweza kumeza, anaanza ORS palepale huku dripu ikiendelea, mililita 5 kwa kilo kila saa. Kwa anayeweza kunywa, mdomo hushinda mshipa: hakuna sindano, kiu yenyewe inapima, na potasiamu anaipata.

#15 Mkunga_Pwani

Asante sana. Na dawa? Mtu akisema anaharisha, jirani humwambia anunue metronidazole.

#16 DukaLaDawa

Metronidazole ni ya vimelea vya amiba na giardia. Haiui virusi vya rota, haitibu kipindupindu. Kwa kuhara maji kwa mtoto, mara nyingi ni pesa iliyotupwa na kichefuchefu kilichoongezwa. Antibiotiki ina kazi yake kwa kuhara damu na kwa kipindupindu kizito, na aiandike aliyempima mgonjwa. Hata hapo inapunguza siku za kuhara, haichukui nafasi ya maji.

Vidonge vya kufunga tumbo, loperamide na jamii yake, mtoto mdogo asipewe. Hulegeza mwendo wa utumbo, hazizibi lango la kloridi. Maji yanaendelea kumwagika ndani, ila sasa yanakusanyika tumboni bila kutoka. Unaona choo kimekoma, tumbo linajaa, mtoto anaendelea kukauka.

Kinachotakiwa pamoja na ORS ni zinki. Vidonge vingi vilivyopo ni vya miligramu 20, vinayeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Mwongozo uliozoeleka: kuanzia miezi 6 kidonge kimoja kwa siku, chini ya hapo nusu, kwa siku 10 hadi 14. Ukiandikiwa kipimo kingine, fuata hicho. Zinki husaidia seli mpya za utumbo kuota. Tatizo ni kwamba kuhara hukoma siku ya tatu na mama anaacha. Amalize siku zote.

#17 MwalimuMwili

Naomba nirudi kwenye figo, maana mkojo ndiyo saa ya nyumbani.

Figo huchuja kama lita 180 za maji kwa siku na kurudisha zaidi ya asilimia 99, wewe unakojoa lita 1 hadi 2. Maji yakipungua, ubongo huachilia homoni ya kubana mkojo, na tezi zilizo juu ya figo huamuru sodiamu isitoke. Mkojo unakuwa mchache na wa manjano iliyokolea. Hata hivyo figo za mtu mzima zinahitaji kama nusu lita kwa siku kutoa uchafu. Damu ikipungua zaidi, mishipa hujibana, mikono na miguu hupoa, moyo hukimbia ili kufidia, na figo zenyewe hukosa damu. Mgonjwa asiyekojoa saa 6 au zaidi ni wa kukimbizwa kituoni, si wa kusubiri asubuhi. Akirudishiwa maji na mkojo ukarudi, mweupe na wa kutosha, ujue figo zimepata damu tena.

#18 MamaWawili

La mwisho kutoka kwangu. Mama yangu ana presha na kisukari. Akiharisha anywe ORS au chumvi na sukari vitamdhuru?

#19 DukaLaDawa

Anywe, mama. Glukosi gramu 13.5 kwa lita ni chache, na akiharisha bila kurudishiwa maji sukari yake hupanda zaidi kwa kukauka. Apime sukari mara nyingi kuliko kawaida. Sodiamu iliyomo kwenye lita moja ni gramu 1.7, karibu sawa na kiasi ambacho mtu mzima anashauriwa asikizidi kwa siku nzima. Anayeharisha anairudishia mwili ilichopoteza, kwa hiyo haimdhuru. Lakini isinywewe kama kinywaji cha kila siku wakati mtu ni mzima, na kuhara kukikoma, ORS ikome siku hiyo hiyo.

Mwenye moyo ulioshindwa au figo zilizoshindwa huyo ni tofauti, kiasi chake kipangwe na daktari wake. Na kama mama anatumia vidonge vya presha vya kukojosha, mpigie simu aliyemwandikia siku hiyo hiyo aulizwe kama vinasimamishwa kwa muda. Vidonge hivyo vinafukuza maji na chumvi zilezile mnazohangaika kuzirudisha kwa kikombe.

#20 Kijana_wa_Tunduru

Nimeandika ukutani jikoni: lita 1, sukari 6, chumvi nusu, kijiko cha mililita 5. Na mtoto wa hapa ana kilo 6, kwa hiyo mililita 450 kwa saa 4 akionyesha dalili. Hesabu iko sawa?

#21 NesiZamuUsiku

Iko sawa. Vijiko 90, kimoja kila dakika mbili na nusu na ushei. Zikishatimia hizo saa 4 mvute ngozi tena, mtazame macho, na uangalie kama amekojoa. Akiwa bado vilevile, beba kikombe, mnyweshe njiani mkielekea zahanati.